Mbwa koko Jumamosi hii: risasi au chanjo?

Mkazi (mleta mada)
Wakuu, jioni gari la matangazo limepita mtaani kwetu, hapa Dar. Jumamosi alfajiri mbwa wote wanaozurura bila mkanda shingoni wanapigwa risasi. Chanzo ni mtoto wa darasa la pili aliyeng'atwa akienda shule. Anaendelea na sindano, yuko salama. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaolia na ukatili. Na walikotoka hao mbwa tunakujua: nyumba tatu za mwisho wa barabara wapangaji walihama, mbwa wakabaki getini wakingoja ugali wa mtu aliyeko Goba sasa hivi. Dawa ni risasi, au ipo nyingine?

Tindo
Risasi. Mada imefungwa.

Mama Wawili
Asante Tindo. Aliyewahi kumshika mtoto akichomwa zile sindano 14 za kitovuni hawezi kutuletea huruma za mbwa hapa.

Bwana Mifugo Mstaafu
Za kitovuni ziliachwa zamani, dada. Siku hizi ni mkononi, na ni chache. Cha kwanza ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kabla hata hujaita bodaboda, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kuhusu risasi: nimeziona operesheni hizo utumishi wangu wote. Unaua wa hapa, jalala linabaki palepale, baada ya muda wanahamia wa mtaa wa pili ambao hawajui hata sindano. Na bunduki haisomi kadi ya chanjo. Uliyemchanja mwaka jana anaanguka pamoja na mwenye kichaa, pengine yeye ndiye anaanguka kwanza maana haogopi watu. Kichaa cha mbwa kinakatika ukichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, kwa sababu mbwa wetu hawaishi miaka mingi na watoto wanazaliwa kila leo. Pemba walikizima hivyo.

Mama Wawili
Dada yako nani? Mimi mwenyewe nilichomwa kitovuni nikiwa mdogo, au unataka nikuonyeshe?

Kijiti
Onyesha tuamue 🤣

Tindo
Pemba?? Mzee, Pemba kuna mbwa? Walichanja nini, mikarafuu?

Msasi
Nilikuwa nasoma kimya, hili la mikarafuu limenitoa. Wewe Tindo umewahi kuvuka maji yoyote zaidi ya Kigamboni? Visiwani wasasi, yaani wawindaji, tupo na mbwa tunao, Unguja na Pemba. Nguruwe na tumbili wakiingia kwenye mihogo unakuja kuwafukuza wewe? Na kabla hujaniletea habari ya najisi: mate yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, umemaliza. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba dini imeruhusu. Yule aliyeteka maji kisimani kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, hukuhadithiwa madrasa?

Tindo
Ngoja kwanza. Mnawinda NGURUWE?

Kijiti
Uzi umenoga. Nyama inakwenda wapi, Msasi?

Msasi
Nilijua tu. Nyingine wanakula mbwa. Inayobaki mnakuja kuinunua nyinyi wa bara, na mifuko mnakuja nayo. Usinifanye niseme sana.

Tindo
Toa ushahidi.

Msasi
Kamuulize mjomba wako.

Mama Wawili
Hivi mnajua kuna mtoto kang'atwa?

Bwana Mifugo Mstaafu
Turudi. Pemba kichaa kilikatika mwaka 2014, kikaingia tena 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakarudi kuchanja, 2018 kikaisha. Hiyo ndiyo kazi yake, ukizembea kinarudi. Bali, kule Indonesia, kiliingia 2008. Waliwahi kuua mbwa kwa maelfu, kwa sumu na kwa bunduki, kikasambaa kisiwa kizima hivyohivyo. Kilianza kushuka walipochanja kisiwa chote.

Tindo
Mzee, wazungu wa mbwa wanakulipa shilingi ngapi?

Bwana Mifugo Mstaafu
Nalipwa pensheni, kijana, na ninyi mnajua pensheni ilivyo. Miaka yote ile nimeingiza mkono kwenye ng'ombe usiku wa mvua ili wewe unywe maziwa, leo unaniuliza nani ananilipa. Sina zaidi.

Kijiti
Tindo mwombe mzee radhi.

Tindo
Niombe radhi ya nini, nimeuliza swali. Watu wa humu mna ngozi laini.

Shuke
Wote mnamzunguka mwenye kosa. Mtu analeta mbwa jike kwa ulinzi, hamfungi kizazi kwa kuwa ni gharama, baada ya miezi miwili tumbo limejaa, watoto wanawekwa kwenye kiroba wanatupwa sokoni usiku. Paka hivyohivyo. Wauza samaki wanakuta kiroba kinalia. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, nitajieni mtu mmoja mnayemjua aliyefikishwa mahakamani kwa kutelekeza mbwa. Risasi zipigwe, sawa, tuanze na wenye nyumba.

Mama Wawili
Shuke unahamasisha mauaji?

Shuke
Dada, ni utani.

Mama Wawili
Leo wote mna dada humu. Mimi ni mama wa watu.

Kijiti
Kufunga kizazi mbwa? Mimi mwenyewe mke wangu kaambiwa foleni 🤣

Msasi
Tindo, kimya chako ni jibu kuhusu mjomba.

Tindo
Mjomba wangu ni Msabato, hagusi nguruwe. Ongea vingine.

Mkazi (mleta mada)
Jamani, niliuliza jambo moja. Keshokutwa ni Jumamosi. Mzee Mstaafu, pale kwangu yupo mmoja analala barazani, mweupe, mtulivu, watoto wanampa makombo. Si wangu lakini.

Bwana Mifugo Mstaafu
Anakula kwako, analala kwako?

Mkazi (mleta mada)
Analala kwangu, ndiyo. Mkanda hana.

Shuke
Kumbe nyumba ziko nne.

Bwana Mifugo Mstaafu
Mfunge ndani kuanzia Ijumaa usiku, kamba ya kawaida inatosha. Jumatatu mpeleke ofisi ya mifugo ya wilaya achanjwe, na kadi iandikwe jina lako, si la mtaa. Na wale wa nyumba tatu, mwone mjumbe kesho. Orodha ikiwapo wanaweza kuja na sindano badala ya bunduki. Simwahidi mtu.

Tindo
Msabato, nasema. Hata kambale hali.

Msasi
Kambale kaingiaje hapa?