Majirani wa Katy, Texas: Mama Oliver wa nyumba ya kona

JUMAMOSI

Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Ile familia ya Waingereza iliyohamia nyumba ya kona, jana nimekaa na mama wa pale mpaka saa mbili usiku. Naomba tuwasaidie. Mume ameletwa na kampuni ya mafuta, kutwa yuko kazini Energy Corridor, kule kwenye ofisi za kampuni za mafuta Houston. Mama yuko peke yake na mtoto wa miaka mitano, Oliver. Wana wiki tatu hapa Katy na hakuna aliyewabishia hodi.

Baba Juma: Salama Mama Neema. Lakini hao si Waingereza? Lugha wanayo, kazi wanayo. Wengine wetu tulifika hatuna hata kimoja.

Mama Neema: Ndiyo maana hakuna anayewauliza, Baba Juma. Papa Espoir alipokuja, watu wa shirika la wakimbizi walimpokea uwanja wa ndege, wakamwonyesha mpaka jiko linavyowashwa. Huyu kila mtu anadhani amefika kwao. Jana nilimkuta amesimama jikoni anatazama birika la umeme alilotoka nalo Leeds. Ameliunganisha na adapta, taa inawaka, maji yako vuguvugu tu. Akaniuliza, "Nimekosea wapi?" Halafu machozi yakamtoka. Nikajua hapa si suala la birika.

Bi Zuhura: Umeme wa kule ni volti 230, wa hapa 120. Birika la kule hapa linapata kama robo ya nguvu yake. Masikini.

Mama Neema: Shikamoo Bi Zuhura. Basi nikachukua sufuria, nikainjika chai ya maziwa na hiliki. Tukakaa chini sakafuni, maana fanicha zao bado ziko melini. Nikamwita Mama Oliver. Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Akasema toka afike hajaitwa jina na mtu yeyote ila mumewe.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa Mwingereza kama huyo. Nilitoka Unguja nikaishi London miaka kumi na minne, nikaja hapa na pasipoti ya Uingereza mkononi, nikidhani nahama mtaa. Yarabi! Kule nilikuwa mtu mzima mwenye nyumba na benki yangu. Hapa nikanyimwa hata kadi ya duka. Historia ya mkopo ya Uingereza kwa kawaida haivuki bahari. Unaanza sifuri kama kijana wa miaka 18.

Wambui: Sasa wafanye nini, Bi Zuhura?

Bi Zuhura: Kwanza namba ya Social Security, ile ya serikali ya kazi na kodi. Wameshapita siku kumi tangu waingie nchini, kwa hiyo kumbukumbu zao zitakuwa zimefika kwenye mfumo. Waende ofisini wote wawili, mama naye kama viza yake inamruhusu kufanya kazi. Kisha waende benki wafungue kadi ya mkopo ya dhamana, ile unayoweka mathalani dola 300 na unatumia hizo hizo. Alipe kila mwezi kwa wakati. Na kadi iwe ya kila mmoja, si ya mume peke yake. Hapo wanawake wengi wanaponzeka.

Mama Neema: Bi Zuhura umegusa penyewe. Mkataba wa nyumba una jina la mume. Umeme jina la mume. Yeye hana hata bahasha moja yenye jina lake.

Baba Juma: Hilo litamsumbua kwenye leseni. Texas wanataka karatasi mbili zenye jina lako na anwani yako. Leseni ya Uingereza ataendeshea siku 90 tu tangu ahamie. Mjerumani anabadilishiwa bila mtihani, Mwingereza hapana. Atafanya wa maandishi na wa barabarani, hata kama ameendesha miaka ishirini. Na miadi hupatikana kwa shida, aikamate leo hii.

Mama Neema: Leo hii?

Baba Juma: Leo, Mama Neema. Mimi nitamtafutia kwenye kompyuta jioni. Nimesema vibaya pale mwanzo, nisameheni.

Papa Espoir: Jambo sana wote. Mama Neema, aksanti kwa kututajia huyo mama. Mie naendesha basi ya shule, mnajua. Mwambie hii moja kabla ya zote: basi ya shule ikisimama na taa nyekundu zinawaka, anasimama. Hata kama anatoka upande ule mwingine. Mwaka jana mwanamke mmoja mgeni alipita pembeni yangu wakati mtoto anashuka. Nilipiga honi, mtoto akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu. Yule mama hakuwa mbaya, hakujua. Kwao mambo hayo hakuna.

Wambui: Mungu wangu.

Papa Espoir: Na makutano ya alama nne za kusimama, aliyefika wa kwanza ndiye anapita wa kwanza. Waingereza wamezoea mzunguko. Jumapili baada ya misa naweza kumpeleka kwenye uwanja wa kuegesha wa shule, hauna watu, azoee mkono wa kulia polepole.

Mama Neema: Ubarikiwe Papa Espoir. Nitamwambia usiku huu.

Wambui: Mimi niongeze ya hospitali, ndiyo kazi yangu. Huko kwao ukiugua unaenda kwa daktari na hakuna bili. Hapa, mtoto akipata homa usiku, usikimbilie dharura kama si dharura. Kuna kliniki za haraka, zinaitwa urgent care, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha. Aangalie kadi ya bima imeandikwa nini, apige ile namba ya nyuma aulize madaktari gani wa watoto wamo kwenye mtandao wa bima yake. Ampate SASA, mtoto akiwa mzima. Na kama ni maumivu makali ya kifua, damu nyingi, mtoto hapumui vizuri, hapo asihesabu pesa. 911. Si 999.

Mama Neema: Shule inafunguliwa mwezi huu. Oliver alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa shule kule, wamemwambia hapa aanze chekechea. Mama anaona kama mtoto anarudishwa nyuma.

Wambui: Harudishwi. Kule wanaanza wakiwa na miaka minne. Hapa chekechea ya shule ni lazima awe ametimiza mitano ifikapo tarehe 1 Septemba. Atakuwa na wenzake wa rika lake. Ila chanjo! Shule za Texas zinataka dozi mbili za tetekuwanga na mbili za homa ya ini aina ya A. Watoto waliokulia Uingereza wengi hawana hizo, hazikuwa kwenye ratiba yao. Kama Oliver ameshaugua tetekuwanga, aandikiwe barua, shule hukubali. Aje na kadi yake ya chanjo kwangu Jumatatu jioni, tutaipitia pamoja mstari kwa mstari.

Bi Zuhura: Na baba mtu aambiwe habari za kodi. Akiba zao za Uingereza, zikijumlishwa zikapita dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, wanatoa taarifa ya FBAR, yaani ya akaunti za nje ya nchi. Si kodi, ni taarifa, lakini faini yake inaumiza. Na ile akaunti ya akiba ya ISA isiyokatwa kodi kule, hapa faida yake inakatwa. Mhasibu wangu wa kwanza hakunieleza, nikaja kulipa baadaye na moyo ukiniuma. Watafute mhasibu anayezijua nchi zote mbili.

Baba Juma: Mimi nina la kimbunga. Tuko katikati ya msimu, unaisha 30 Novemba. Beryl ya 8 Julai 2024 ilizima umeme kwa wateja zaidi ya milioni 2 huku kwetu, mnakumbuka joto lile. Waweke maji, tochi, betri, chakula kisichohitaji friji. Na bima ya mpangaji hailipi mafuriko. Ya mafuriko ni nyingine, na ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Kimbunga kikishatangazwa mtu amechelewa.

JUMAPILI

Mama Neema: Nimempelekea yote, nimemtafsiria moja moja. Baba Juma, miadi imepatikana?

Baba Juma: Alhamisi wiki ijayo, saa tatu asubuhi, mtihani wa maandishi. Mume ameshaomba jina la mkewe liingizwe kwenye mkataba wa nyumba na bili ya umeme.

Papa Espoir: Tumeendesha saa nzima. Mwanzo alikuwa akitaka kuingia mlango wa abiria. Sasa anakata kulia vizuri. Oliver alikaa nyuma akihesabu alama za kusimama kwa sauti.

Bi Zuhura: Mimi nimemnunulia birika la hapa. Linachelewa kidogo kuliko la kwao, lakini linachemsha. Nani atamchukua Alhamisi?

Mama Neema: Nina zamu, Bi Zuhura.

Wambui: Mimi niko nyumbani. Nitampitia saa mbili kamili. Mwambieni asisahau pasipoti, ile I-94 aliyochapisha, rekodi ya kuingia nchini, na zile karatasi mbili za anwani.