Seli za sola za plastiki: leza ya femtosekunde inatuambia nini ambacho multimita haisemi?

mwalimu_chake
Assalaam alaykum. Nasomesha fizikia skuli ya sekondari hapa Chake Chake. Kuna mwanafunzi wangu wa kidato cha sita amesoma kwamba zipo seli za sola zisizo na silikoni, za utando wa polima mwembamba kuliko unywele, na watafiti wanazipiga leza ya femtosekunde (mapigo yake ni mafupi mno: femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde) kujua umeme unavyozaliwa ndani yake. Ananiuliza: paneli ya juu ya bati tunaipima kwa multimita, tunapata volti na ampea, sasa leza ya nini? Na mimi naongeza langu: ni saa gani inayopima muda mfupi hivyo?

FundiSola_Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam mwalimu. Multimita inakwambia paneli imepungua nguvu, sababu haikwambii. Nungwi nilikuta mbili zimeshuka sawasawa: moja kivuli cha mnazi, nyingine viungio vimeliwa na chumvi. Hizo za polima sizijui, nasubiri wajuzi.

binti_wa_Wete
Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Wete, hizo leza ndiyo kazi yangu, niko maabara ya chuo kikuu Uingereza. Fundi ameshaligusa jibu.

Ndani ya silikoni, mwanga ukiing'oa elektroni, inaachana na tundu lake, yaani nafasi tupu iliyoiacha, bila tabu. Joto la chumba linatosha. Kwenye polima vinabaki vimeng'ang'aniana. Jozi hiyo ndiyo eksitoni, na kuitenganisha kunataka nishati mara kumi au zaidi ya ile ya joto la chumba. Tena haifiki mbali: nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), inakufa. Mtafiti Ching Tang mwaka 1986 alilaza tabaka mbili, moja ya kutoa elektroni na nyingine ya kuipokea, moja juu ya nyingine, akapata ufanisi wa asilimia 1 hivi. Kuanzia miaka ya 1990 kitoaji na kipokezi cha elektroni vikaanza kuchanganywa ndani ya utando mmoja, ili kila eksitoni iwe karibu na mpaka wa vitu hivyo viwili, ndipo inapotenganishwa. Leo seli za maabara zimepita asilimia 19.

Multimita inahesabu chaji zilizofika kwenye elektrodi (ncha za kutolea umeme) tu, kama mtu anayehesabu abiria wanaoshuka stendi ya Chake: waliokosa gari Wete na walioshukia njiani hawamo kwenye hesabu yake. Sisi tunawatafuta hao.

Pigo la kwanza la leza linaamsha utando. Pigo la pili, hafifu, lenye rangi nyingi, linafuata na kupita palepale. Eksitoni zina rangi zinazofyonza, chaji zilizoachana zina zao, kwa hiyo tunasoma rangi ipi imepungua na wakati gani. Badiliko lenyewe huenda likawa sehemu moja kwa elfu kumi, ndiyo maana tunarudia maelfu ya mapigo na kuchukua wastani.

Ama saa, mwalimu, ni vioo juu ya reli ndogo. Visogeze nyuma milimita 0.15: mwanga unakwenda na kurudi, njia inarefuka milimita 0.3, na pigo la pili linachelewa pikosekunde 1, yaani femtosekunde 1,000. Kasi ya mwanga yenyewe ndiyo saa. Kwa mapigo ya femtosekunde Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alifuatilia molekyuli zikibadilika, akapata Nobeli ya kemia mwaka 1999.

mwalimu_chake
Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Hiyo milimita 0.15 wataikokotoa wenyewe darasani. Lakini ukiona chaji zinapungua, unajuaje zinakufa kwa sababu gani?

binti_wa_Wete
Unapunguza mwanga, mwalimu. Elektroni ikirudiana na tundu lake ilikotoka, mchirizi wa kupungua kwa chaji kwenye grafu unabaki na umbo lilelile, mwanga uwe mkali au hafifu. Ikigongana na tundu la jozi nyingine, mwanga ukipungua chaji zinakuwa chache, zinakutana kwa nadra, na mchirizi unakwenda polepole. Ugonjwa wa kwanza unatibiwa kwenye molekyuli na mpaka wa kitoaji na kipokezi, wa pili kwenye njia za kufikia elektrodi na unene wa utando.

Na hapa nawasihi wote wanaosoma makala za fani hii: kabla ya kuamini muda wowote, tazameni ukali wa pigo. Pigo likizidi, eksitoni zinasongamana na kuuana zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo kwenye jua la kawaida halitokei. Unapata kasi ya kupendeza ambayo ni ya leza, si ya seli.

FundiSola_Mwanakwerekwe
Dada, na kwa hewa yetu ya chumvi zitadumu?

binti_wa_Wete
Kaka, oksijeni na unyevu ni maadui wao wakubwa. Maabara tunazitengeneza ndani ya sanduku la naitrojeni. Kipimo hikihiki kinafaa hapo: unapima utando mpya, unauchosha kwa unyevu na jua, unapima tena, unaona ni hatua ipi iliyoharibika. Natamani sana kazi hiyo ifanyike kwa hali ya hewa ya visiwani. Mteja wako wa leo mfungie silikoni.