Nimefiwa na mbwa wangu wa usasi: je, ni vibaya kumlilia?

Msasi wa Kusini:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninaandika kutoka kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya maweni, ambako muhogo tunaupanda baina ya mawe na nguruwe mwitu huweza kuumaliza kwa usiku mmoja ikiwa huna mbwa. Juma lililopita mbwa wangu, Mtasema, alimbana nguruwe dume kwenye tundu la jiwe, akapasuliwa ubavu kwa meno, na nilipofika na mkuki alikuwa ameshalala chini. Nilimbeba begani nikirudi mjini kwetu, akanifia njiani.

Jina hilo nilimpa kwa makusudi miaka tisa iliyopita, majirani waliponilaumu kwa kuleta mbwa nyumbani. Sasa wanasema kweli, kwa kuwa walinikuta nimekaa juu ya jiwe nalia. Mke wangu hakuwahi kumgusa mbwa huyo, lakini kigae alichokuwa akilia chakula bado kipo nyuma ya banda na hataki kitupwe.

Je, ni vibaya mtu mzima kumlilia mbwa? Na nimfanyeje jike aliyekuwa akiwinda naye, ambaye tangu siku ile hali vizuri, na kila alfajiri hukaa kwenye njia ya msituni?

Mwalimu wa Chuoni:
Waalaikumu salaam, mwanangu, na pole sana. Watu wengi huchanganya mambo mawili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya twahara, wala si amri ya kumchukia mnyama. Aya ya 4 ya Suratul Maida imeruhusu windo linalokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na hadithi inayosema kwamba afugaye mbwa hupungukiwa na thawabu imewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wako alikuwa wa kuwinda na wa shamba pia, kwa hiyo wanaokulaumu wamelaumu pasipostahili. Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika. Sikusudii kumlinganisha mtoto na mbwa. Ninachosema ni kwamba chozi peke yake halina dhambi. Mfukie vizuri, kunguru wasimfikie, na hitma usimsomee.

Mpemba wa Masqat:
Kaka, pole. Huku Omani nimewaona watu wa jangwani wanaomtenga saluki, yule mbwa mwembamba wa kuwindia, na mbwa wengine hata kwa jina, na hakuna anayewacheka. Nasi huko nyumbani tumerithi dini ileile, ila kwa mbwa tumezidisha ukali.

Mzee wa Nyavu:
Mdogo wangu, mimi nimezika wanne, na ninadhani wanaokucheka hawajui unachokililia. Katika vichaka vya maweni mbwa humwoni, unamsikia tu. Kwa mlio wake unajua kwamba amepata harufu, kwamba anafukuza, au kwamba amembana mnyama na anakuita. Ukikaa miaka tisa na sauti moja, unaijua katikati ya mbwa ishirini. Nilipofiwa na wa kwanza, msimu mzima nilikuwa nikisimama msituni kungojea mlio ambao haukuja, na wenzangu wakadhani nimekuwa kiziwi. Basi usijilazimishe kurudi upesi, wala usilete mtoto wa mbwa kesho ili kuziba pengo, kwa maana utamchukia bure kwa kuwa si Mtasema.

Ama huyo jike, kabla hujasema ni huzuni, mpapase mwili mzima, hasa chini ya makwapa na tumboni. Jeraha la jino la nguruwe lina mdomo mdogo na ndani ni refu, nalo huoza huku manyoya yamelifunika. Ukilikuta, mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyohiyo.

Msasi wa Kusini:
Mzee wangu, shikamoo, na Mungu akulipe. Nimelikuta jeraha nyuma ya mguu wa mbele, limeshaanza kutoa usaha; bwana mifugo amelisafisha na kumchoma sindano, na jana usiku alikula nusu ya ugali wake. Mtasema nimemfukia kwenye mpaka wa shamba, upande ambao nguruwe huingilia. Mwalimu, maneno yako nilimsomea mke wangu kwa sauti. Leo asubuhi nimekikuta kile kigae kimeanikwa juani, kimeoshwa, na udongo umebaki kidogo kwenye ukingo. Sikumuuliza.