Amazonaiti yangu inawaka hafifu tu kwenye taa ya urujuanimno, ni halisi?

Kokoto:
Wakuu, nina kipande cha amazonaiti, kijani kinachoelekea buluu, chenye michirizi myeupe. Nikikimulika gizani kwa taa ya nanomita 365 kinatoa kijani-njano hafifu, kilichofubaa. Nikiweka 254, kimya kabisa. Nimeambiwa rangi yake inatokana na shaba na kwamba jiwe halisi lazima liwake sana. Nimepigwa?

Chokaa:
Kwa ushahidi huo hujapigwa. Hafifu ndiyo kawaida yake. Amazonaiti ni feldispa (kundi la madini yanayounda miamba mingi) yenye potasiamu, na hiyo michirizi huwa ni albaiti, feldispa ya sodiamu iliyojitenga na ile ya potasiamu jiwe lilipokuwa linapoa. Dalili nzuri hiyo.

Tezo:
Naongezea, maana hii habari ya shaba inaniuma. Iliaminika miaka mingi, labda kwa kuwa malakaiti, jiwe jingine la kijani, ni kijani cha shaba kweli. Mwaka 1985 watafiti Hofmeister na Rossman walionyesha kuwa amazonaiti inapata rangi kwa risasi (ile metali) na maji vikiwa pamoja, tena kwa kiasi kidogo sana. Risasi hukaa kwenye nafasi za potasiamu. Kisha mionzi ya asili, hasa ya potasiamu-40, aina ya potasiamu inayotoa mionzi, iliyomo humo humo, inabadilisha chaji ya risasi, na jiwe linaanza kumeza mwanga mwekundu na kutuachia kijani na buluu. Yaani jiwe limejipaka rangi lenyewe! Mimi hilo halinichoshi.

Kuwaka ni habari nyingine. Rangi unaipata kwa mwanga uliomezwa, kuwaka ni mwanga unaotolewa, kwa hiyo kijani kilichokolea hakidai mng'ao mkali. Halafu taa ikivuja zambarau, mng'ao hafifu unamezwa wote. Weka kichujio.

Kupima, geuza kipande polepole kwenye mwanga wa kawaida. Feldispa hupasuka kwa nyuso bapa zinazokutana karibu nyuzi 90, na kila uso unametameta kwa zamu yake. Kwazi iliyotiwa rangi haina nyuso hizo, na rangi hujazana kwenye nyufa.

Kokoto:
Nyuso nimeziona, mbili! Nikilipasha moto rangi itakolea?

Tezo:
Usithubutu. Moto mkali unaifuta, na maji yakishatoka hata mionzi hairudishi kitu.