Naomba ushauri: likizo fupi Tanga, mama ananihitaji na bibi jirani pia

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili Marekani, nimerudi Tanga kwa likizo ya Desemba. Kule nimeacha theluji. Hapa Ngamiani ni joto la kaskazi, jasho halikauki. Nina siku 18 tu.

Kuna bibi jirani aliyenilea mama akiwa sokoni Mgandini. Sasa haoni vizuri. Kila asubuhi namchotea maji, namtia dawa ya macho, tone moja kila jicho, kisha ananishika kiganja na kuniuliza kama nimekula. Siwezi kuinuka haraka hapo. Saa mbili zinapita, tatu.

Juzi nimerudi nikakuta mama amefunika chai na mahamri, hajagusa, ananisubiri. Akasema, "Mwanangu, na mimi nina hamu na wewe." Iliniuma sana.

Dada zangu wanafika tarehe 24 kutoka Dar, nyumba itajaa. Niugawe vipi muda huu bila kumvunja moyo mama wala kumtupa bibi? Na nikishaondoka, ile dawa nimwachie nani? Mliopitia haya, nisaidieni.