Tupeane uzoefu: muvi uliyoiona sinema na ukaiona tena sebuleni, nini kilipotea?

Zabibu Kavu
Mbukwenyi wana Dodoma. Kijiweni Area C kuna ubishi haujaisha hadi leo kuhusu Oppenheimer, ile muvi ya bomu la atomiki. Mmoja anaiita kazi kubwa, mwenzake anasema ni saa 3 za watu kunong'onezana. Wa kwanza aliiona sinema Dar. Wa pili aliiona kwenye TV ya inchi 32 iliyounganishwa na sabufa, besi imefunguliwa mpaka mwisho. Mimi naamini hawa hawakuangalia muvi moja. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa Julai 2024 watu wengi wanashuka Dar kwa 31,000 daraja la kawaida, wanaingia sinema, kisha wanarudi kuiangalia ileile nyumbani na familia na kushangaa kwa nini imepoa. Muvi gani iliharibika njiani, na iliharibiwa na nini hasa? Tupeane vipimo na dawa.

Fundi Makole
Ya Oppenheimer iko kwenye spika. Muvi ya sinema sauti yake hugawanywa njia 6 au zaidi, na maneno karibu yote hutoka spika ya katikati, ile iliyo nyuma ya kitambaa. TV ina spika mbili, tena zinaelekea chini. Zile njia 6 zikikunjwa kuwa 2, maneno na muziki vinagombania mlango mmoja. Halafu mwongozaji wake, Christopher Nolan, mwenyewe hapendi waigizaji warudie maneno studio, anatumia yaliyonaswa siku ya kupiga picha. Ongeza sabufa ya besi juu ya hapo uone.

Fanya hivi: besi irudishe mpaka robo ya mzunguko, trebo ipandishe kupita nusu. Sabufa iondoe chini ya meza ya TV na kwenye kona, maana kona inaongeza besi hata kama hujagusa kitufe. Kwenye TV tafuta modi ya sauti iliyoandikwa Clear Voice au Speech. Ukitumia kompyuta, programu ya VLC ina kibana sauti ndani ya Audio Effects kinaitwa Compressor. Kiwashe, milipuko itashuka na minong'ono itapanda. Jirani naye atalala.

Mama Wawili
Samahani wakubwa, naomba niingilie. Muvi moja nimewekewa kwenye flashi, picha safi kabisa, sauti hakuna hata chembe. Nyingine zote kwenye flashi hiyohiyo zinatoa sauti. TV ni Samsung. Ni spika?

Mlimwa
Zabibu Kavu umegusa penyewe. Kuna sehemu moja kwenye muvi hiyo inaonyesha tofauti ya sinema na sebule kuliko nyingine yoyote: bomu la majaribio linapolipuka. Mwanga unakuja, na sauti inakatika. Zaidi ya dakika moja unaona moto unapanda na unasikia pumzi tu. Hiyo ni fizikia halali. Mwanga unafika papo hapo, sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde. Kambi kuu ya majaribio yale ya Julai 1945 ilikuwa kilomita 16 hivi kutoka bomu lilipo, karibu sawa na kutoka katikati ya mji wetu hadi Mtumba. Gawanya, unapata sekunde 47 za kusubiri kishindo.

Ukumbini watu 200 wananyamaza, na kile kishindo kikija kinakupiga kifuani kwa sababu masikio yalikuwa yameshatulia. Sebuleni, sekunde ya 10 tu mtu anadai sauti imekata. Anashika rimoti, anapandisha kutoka 20 hadi 45, mwingine anatikisa waya wa HDMI. Kishindo kinakuja kwenye 45. Spika za TV zina koni ndogo za wati 8 au 10, kwa sauti hiyo zinapiga kelele za kukwaruza. Nafasi nzuri kuliko zote kwenye muvi nzima imeisha hivyo. Dawa ni mtu mmoja kuwaambia kabla: hapa kutakuwa kimya, msiguse kitu.

Changombe Halisi
Na iliyotafsiriwa je? Mtafsiri hawezi kunyamaza dakika nzima. Sehemu hiyohiyo ya kimya yeye anaijaza maneno, anakueleza bomu ni kubwa kiasi gani. Utamu wote umekwenda.

Mzee wa Kikuyu
Kijana, tafsiri usiiguse. Enzi za mtafsiri Lufufu na kanda za VHS, watu ambao Kiingereza hawakukijua walikaa kwenye mabenchi wakaielewa muvi kuanzia jina mpaka mwisho. Mama anayeuza ndizi Majengo sokoni ana haki ya kujua mtu kwenye skrini amesema nini. Sabtaito ni za Kiingereza, na hata zingekuwa za Kiswahili zinapita haraka.

Changombe Halisi
Sijamtukana mtu, mzee wangu. Shikamoo kwanza. Nasema kitaalamu: mtafsiri anarekodi juu ya sauti ambayo tayari ina muziki na maneno pamoja, hana ile njia ya maneno peke yake. Kila akifungua mdomo inabidi ashushe vyote. Mlango ukifungwa polepole nyuma ya mhusika husikii, na huo mlango ndiyo habari yenyewe.

Mzee wa Kikuyu
Marahaba. Hapo kwenye mlango nakubali. Lakini muvi ya kupigana tafsiri inaipandisha, haiishushi. Hapo huniambii kitu.

Dada Kisasa
Mzee yuko sahihi kwa za kupigana.

Mimi naleta jingine ambalo liko kwenye karibu kila sebule. Muvi inaonekana kama tamthilia ya mchana, watu wanateleza, kila kitu kiko laini mno. TV inaongeza picha zake. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV inapiga 50 au 60, hivyo inabuni za kati ili ijaze. Kwenye mpira inasaidia, kwenye muvi inaua. Izime: LG wanaita TruMotion, Sony wanaita Motionflow, Samsung za zamani kidogo ni Auto Motion Plus. Hapohapo toa modi ya Vivid, weka Cinema au Movie. Siku mbili za kwanza utaona picha ina umanjano, vumilia. Vivid imewekwa ili TV ing'ae dukani chini ya taa nyingi. Usiku sebuleni inakausha nyuso, na weusi wa ngozi zetu unageuka kijivu chenye bluu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ukiiangalia kwenye Vivid umeidhulumu. Vivuli vyake ndivyo vinavyobeba Zanzibar ya enzi za ukoloni.

Ubuyu
Na umbali. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 tu. Sofa za Dodoma ziko mita 4 kutoka ukutani, hapo unaangalia simu ya mtu mwingine. Sogea mpaka mita 1.8 kisha useme muvi haina kitu.

Changombe Halisi
Mita 1.8 si ni kuharibu macho?

Ubuyu
Hapana. Kinachochosha macho ni chumba cheusi tii na skrini kali. Weka taa ndogo nyuma ya TV.

Nkuhungu Kwetu
Hamjazungumzia kuangalia uani, na Dodoma ndiko watu wanakopenda, maana kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna. Nawaletea ya kipaimara kimoja mwezi wa nane. Kila kilichoharibika kina sababu yake, na vifaa hivyohivyo vinakodishwa mji mzima.

Kitambaa mita 3 kwa 1.7, shuka mbili nyeupe zimeshonwa pamoja. Hiyo ilikuwa akili nzuri, shuka moja inapitisha mwanga. Kimefungwa pande zote nne kwa kamba ya katani kwenye mirunda miwili ya mita 3 na nusu. Mirunda imechimbiwa sentimita 30, kwa kuwa ardhi ni ngumu na sururu ilikuwa moja. Projekta ya taa, yale makubwa ya ofisini, iko kwenye kimeza cha plastiki mita 4 mbele. Umeme wa jenereta ndogo kupitia ekstensheni iliyolazwa kwenye mchanga. Watoto wamekaa chini kati ya kimeza na kitambaa.

Saa 2 usiku upepo mdogo, kitambaa kinapumua tu. Saa 3 kasoro upepo wa mashariki ukaamka. Kitambaa kilikuwa kinauangalia upepo uso kwa uso. Kikajaa tumbo kama tanga la jahazi, picha ikawa inakuja na kwenda, nyuso zinavimba na kunywea. Mrunda wa kushoto ukaanza kuzunguka kwenye shimo lake, udongo unameguka pembeni. Baba mmoja akaukumbatia. Bila yeye ungeangukia watoto. Akaondolewa mtoto wa mwisho, ndipo mrunda ukalala. Kamba ikafagia kimeza, projekta ikaenda chini na plagi ikachomoka. Taa imewaka saa nzima, feni imesimama ghafla, mchanga umeingia. Dakika moja baadaye kishindo kama cha puto. Taa imepasuka ndani.

Hakuna aliyeumia. Watu wakataka kuichungulia, wakazuiwa, na aliyewazuia alifanya la maana: taa zile zina zebaki kidogo, ikipasuka unawasogeza watu, unaacha hewa ipite, hupulizi kwa mdomo.

Zabibu Kavu
Jamani. Huyo baba apewe mbuzi.

Mama Wawili
Watoto wako kati ya meza na kitambaa! Moyo umenipasuka.

Fundi Makole
Hesabu ya hicho kitambaa hii hapa. Mita za mraba 5.1. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unakisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 37. Ukipanda mpaka 50 kwa saa, unavuka kilo 70, kwa sababu nguvu inapanda kwa mraba wa kasi. Hizo kilo zinasukuma juu kule, mita 2 na zaidi kutoka ardhini, na shimo ni la sentimita 30. Hata mti wenye mizizi ungelalamika.

Kama lazima iwe mirunda: shimo sentimita 80, mawe yapigiliwe pembeni, kila mrunda kamba mbili za kuvuta nyuma kwa pembe ya nyuzi 45. Kitambaa juu kifunge imara, ila chini na pembeni tumia vipande vya tyubu ya baiskeli, vinavutika na kuachia upepo upite.

Mlimwa
Mirunda ya nini? Upepo wetu unatoka mashariki na kusini-mashariki. Tundika kitambaa ukutani mwa nyumba, upande wa magharibi, umemaliza. Kama ukuta ni mweupe usiong'aa, hata kitambaa huhitaji.

Ubuyu
Ukuta wa rangi ya mafuta unarudisha duara la taa katikati ya picha. Rangi ya maji tu.

Fundi Makole
Kuhusu taa. Projekta ya taa haikatwi umeme hivihivi. Zima kwa kitufe, subiri feni inyamaze yenyewe, dakika 2 au 3. Kwa umeme wa kukatika, iwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya VA 650. Haitakumalizia muvi, ila dakika chache za kuipooza inatosha. Zile ndogo za LED hazina tatizo hilo, tena zinakula wati 80 hivi, UPS hiyohiyo inazibeba muda mrefu kidogo. Lakini msidanganywe na boksi lililoandikwa lumeni 9,000. Tafuta neno ANSI, ndicho kipimo cha mwanga cha kuaminika. 200 hadi 300 za ANSI zinatosha inchi 80 gizani kabisa, mchana sahau.

Na vumbi letu. Kichujio chake kisafishe kila wiki mbili kuanzia Julai hadi Septemba, kwa brashi laini ya rangi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda kwenye lenzi. Ukiona doa jeusi lisilohama picha inapobadilika, vumbi limeshaingia ndani.

Mwanachuo
Ya sabtaito haijatajwa. Zikichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC bonyeza G au H, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Zikianza sawa halafu zikazidi kuachana, acha vitufe. Faili la maandishi ni la picha 25 kwa sekunde na muvi yako ni ya 23.976. Baada ya saa 1 zimeachana kwa dakika 2 na nusu. Tafuta faili lenye jina linalofanana na la muvi yako mpaka mwisho, pamoja na lile neno WEB au BluRay. Ukikuta CAM au TS kwenye jina, hiyo ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi. Usiihukumu muvi kwa kopi hiyo, na usimpe mtu hela yako kwa ajili yake.

Dada Kisasa
Nusu ya ubishi wa vijiweni unaishia hapo kwenye CAM.

Fundi Makole
Mama Wawili, samahani, tumekuruka. Spika zako nzima. Samsung waliacha kusoma sauti ya DTS, aina mojawapo ya kufungasha sauti kwenye faili, tangu modeli za 2018, ndiyo maana picha inapita na sauti haipo. Angalia jina la faili, utaona DTS. Mwenye kompyuta aigeuze kwa programu ya ffmpeg: picha aiache ilivyo, sauti tu iwe ya aina ya AAC, kilobiti 192. Muvi ya saa 2 ni kazi ya dakika chache. Ikizidi GB 4 na flashi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haitaingia, flashi aifomati upya kwa exFAT, ila ahamishe kwanza vilivyomo.

Mama Wawili
Kweli imeandikwa DTS mwishoni. Mwanangu anaigeuza sasa hivi, imefika asilimia 60. Hizo za kutoa Vivid nimeshazifanya, na sofa tumeisogeza.