Tupeane uzoefu: barua pepe za biashara kutoka nje, ulijuaje hii ni ya kweli na hii ni ya utapeli?

Katibu Hombolo (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naleta mada hii kwa sababu naona tunaumia pande zote mbili. Wapo wenzetu waliolizwa na wanunuzi hewa wa nje. Na wapo ambao, wakishasikia habari hizo, wanafuta kila barua ya mgeni bila kuifungua, na mnunuzi wa kweli anakwenda kuchukua mzigo kwingine. Hili la pili halisemwi sana, lakini kwangu linauma vilevile, maana vikundi vyetu huku vinahangaika na soko kila msimu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha zabibu. Tukishagawa vipeperushi kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, barua zinaanza kumiminika. Moja ilitoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa afisa manunuzi wa kampuni ya Uingereza. Alitaka tani 40 za zabibu kavu kila mwezi, na bei akasema tutaje sisi. Mwenyekiti alifurahi sana. Mimi nikachukua kalamu. Kilo moja ya zabibu kavu inahitaji kilo nne hivi za mbichi, kwa hiyo tani 40 kavu ni kama tani 160 mbichi, kila mwezi, mwaka mzima. Zabibu yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mtu ambaye kazi yake ni kununua zabibu kavu angeanza kwa kuuliza msimu.

Nikamwandikia: unataka unyevu usizidi kiasi gani, unapokea zenye mbegu (maana zabibu kubwa huku ni Makutupora nyekundu, ya mvinyo), na ufungashaji uweje? Akajibu kwamba ubora uwe mzuri tu. Barua hiyohiyo ikaja na fomu ya kusajili kikundi kuwa msambazaji, ada inalipwa kwa wakili, na pesa zitumwe kwa jina la mtu binafsi.

Nilikwenda kuangalia daftari la makampuni la Uingereza, Companies House. Liko wazi mtandaoni, bure. Jina nikalikuta kweli, na hapo ndipo wengi wanaporidhika. Lakini fungueni ndani zaidi: kampuni ilikuwa na miezi michache tu, na shughuli iliyoandikishwa ni usafi wa majengo. Tena mjue kuwa mpaka Machi 2024 daftari lile lilikuwa linapokea majina na anwani karibu bila kuhakiki chochote. Kukuta jina humo kunakwambia kwamba mtu alijaza fomu, basi.

Karibuni. Naomba kila mtu aeleze kilichotokea na alichofanya, tusiishie kwenye "matapeli wamezidi".

Dalali Kibaigwa

Mkuu, umenena. Mimi niko sokoni Kibaigwa, mahindi ndiyo kazi yangu, ila na ufuta nagusa. Nilipata mtu aliyesema yuko Dubai, anataka tani 500 za ufuta moja kwa moja kutoka kwa mkulima. Hapo tu nikajua hajui nchi hii, maana ufuta siku hizi unapita stakabadhi ghalani, yaani unakusanywa ghala maalumu kwa risiti, na kuuzwa mnadani.

Nikaendelea naye ili nione. Akatuma karatasi ya SWIFT, ule mtandao wa benki wa malipo ya kimataifa, PDF safi yenye nembo ya benki kubwa, ikionyesha malipo yameshatoka kuja kwangu. Kesho yake akaandika kwamba pesa zimezuiliwa, nilipe ada ya kuziachia. Nikaichapisha karatasi ile nikaipeleka benki yangu hapa mjini. Dada wa dirishani akamwita mwenzake wa miamala ya nje, yule bwana akaitazama akaniambia: pesa ikija kwako tunaiona sisi kwenye mfumo wetu, na LC, yaani hati ya benki ya kudhamini malipo, inakuja benki kwa benki, sisi ndio tunakuita. Ukiletewa na mnunuzi kwenye barua pepe, hiyo ni picha tu.

Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu karatasi. Namwambia aongee na benki yangu kupitia benki yake. Wengi wanapotelea hapohapo.

Mama Asali Itigi

Wanangu, mimi naleta upande wa pili ambao katibu ameugusa.

Tuna kikundi cha wafuga nyuki, asali ya vichaka vya Itigi. Iliingia barua ya mistari miwili. Kiingereza kibovu, hakuna salamu, hakuna nembo, na anwani ni ya Gmail. Mtu anasema yuko Poland, ameonja asali yetu kwa rafiki yake, anaomba kujua tunayo kiasi gani na maji yaliyomo ni asilimia ngapi. Kijana anayetusaidia kompyuta akasema, mama, hii ni ya kufuta. Nikamwambia subiri kwanza, huyu ameuliza maji.

Anayejua asali anaanza na maji. Sheria ya Ulaya inataka yasizidi asilimia 20, yakizidi asali inachacha. Kuna kipimo kingine kinaitwa HMF, kinaonyesha kama asali imechemshwa au imekaa sana. Kwa asali ya nchi za joto kama kwetu wanaruhusu hadi miligramu 80 kwa kilo, wakati ya kawaida mwisho ni 40. Barua yake ya pili ikauliza hicho, na ikauliza tunavuna kwenye mizinga gani na moshi tunaupata kwa kuchoma nini. Hilo la moshi ndilo lililonimaliza. Asali ikishika harufu ya moshi unaijua ukiilamba, na hakuna tapeli atakayekaa kuwaza moshi.

Sampuli aliomba kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi kwa namba ya akaunti yake mwenyewe, gharama ikaenda kwake. Bei tulivutana mpaka nikachoka. Alipunguza, tukapandisha, akanyamaza wiki nzima, akarudi na senti kidogo. Oda ya kwanza ilikuwa ndogo, madumu tu. Alitanguliza asilimia 30 na salio akalipa baada ya kupokea nakala ya hati ya meli. Ukaguzi wa kiwanda na vibali tulifuata wenyewe, hakuna hata shilingi moja aliyosema tumtumie yeye au mtu wake.

Leo bado ananunua. Kiingereza chake hakijabadilika. Kwa hiyo msihukumu kwa lugha, sisi wenyewe barua zetu zinaonekanaje huko zinakokwenda?

Kijana wa Mtinko

Shikamoo mama. Nimesoma hayo yako na imenibidi niandike ya baba yangu mdogo. Naomba asichekwe.

Aliandikiwa na mwanamke aliyejiita mfanyakazi wa kampuni ya dawa Uingereza. Kampuni yake inanunua mafuta fulani ya mbegu, ya kutengenezea chanjo ya mifugo, na muuzaji yuko India. Bosi wake hajui bei ya India. Kwa hiyo baba mdogo anunue India kwa dola 2,500 lita, aiuzie kampuni kwa dola 5,000, na faida wagawane. Jina la mafuta lilikuwa refu la kitaalamu. Mnunuzi angekuja mwenyewe Tanzania kupima sampuli, na akikubali anaagiza lita nyingi.

Angalieni ilivyopangwa. Muuzaji ana tovuti na anajibu simu. Mnunuzi naye ana tovuti na anajibu simu. Mwanamke yuko katikati, mpole, kila asubuhi anasalimia. Baba mdogo aliona anaongea na watu watatu wasiojuana, kumbe ni kundi moja. Aliuza ng'ombe, akakopa SACCOS, akanunua lita moja ya sampuli. Ikaja kweli, chupa yenye kimiminika. Mnunuzi akaisifia akaagiza lita 50.

Hapo ndipo alipotuambia, kwa sababu sasa alikuwa anataka kuuza na shamba. Nilichukua lile jina nikaenda kwa daktari wa mifugo Singida mjini. Akasema hajawahi kulisikia, akanionyesha kwenye simu kwamba jina hilo linatajwa na wale wauzaji wenyewe tu, hakuna kitabu wala kiwanda kingine kinacholijua. Kampuni ya chanjo, akasema, ingenunua malighafi India kwa barua yake yenyewe, ina haja gani ya mkulima wa Singida?

Swali hilo nawaachia wote: kwa nini wewe? Dada wa Poland alimtaka Mama Asali kwa sababu ya asali.

Mama Asali Itigi

Marahaba mwanangu. Yule wa Poland ni mwanaume, lakini umesema sawa. Mpe pole baba yako mdogo, na mwambie nami nimeguswa.

Fundi Ng'ong'ona

Natengeneza kompyuta karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wateja wengi wananiletea barua hizi. Haya ndiyo ninayoangalia mimi.

Jina la mtumaji haliniambii kitu, natazama anwani yenyewe, herufi moja moja. Herufi r na n zikikaa pamoja zinafanana na m, na wanaitumia hiyo. Kisha nabonyeza kujibu, bila kutuma, nione jibu linakwenda wapi. Mara nyingi barua inatoka anwani ya kampuni, lakini jibu linaelekea anwani nyingine kabisa. Kwenye Gmail kuna sehemu ya kuonyesha barua ya asili, utakuta SPF, DKIM na DMARC, ambavyo ni vipimo vya kuhakiki barua imetoka wapi, na kama zimepita au zimeshindwa. Zikipita maana yake barua imetoka kweli kwenye tovuti ile. Kama mwenye tovuti ni mwizi, bado ni mwizi. Ndiyo maana natafuta pia tovuti ilisajiliwa lini. Kampuni inayojisifu ina miaka 30 kazini halafu tovuti yake ni ya juzi, nauliza kwa nini. Viambatisho vinavyojiita profoma (ankara ya awali, kabla ya malipo) halafu vinakuomba nywila ya barua pepe yako, usiviguse.

Ila barua iliyonitisha kuliko zote ilitoka kwa mtu wa kweli. Mteja wangu hapa mjini alikuwa ananunua mashine ya kukamua alizeti China. Kiwanda ni cha kweli, wameshawasiliana muda mrefu, picha za mashine anazo, profoma anayo. Siku ya kulipa ikaja barua ndani ya mazungumzo yaleyale, ikinukuu bei yao na namba ya oda yao, ikisema akaunti yao iko kwenye ukaguzi wa kodi, alipe kwenye akaunti nyingine. Benki ya akaunti hiyo ilikuwa nchi nyingine. Mzee yule hakujibu barua. Alichukua namba ya simu iliyokuwa kwenye kadi aliyopewa mwanzo kabisa, akapiga. Kiwandani hawakuwa na habari. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua za upande mmoja, anasoma kimya, anasubiri siku ya malipo.

Tafadhalini, akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba ya zamani. Usitumie namba iliyo kwenye barua mpya.

Na mkiibiwa au mkijaribiwa, msifute barua. Ihifadhiwe ilivyo, iende polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ile namba 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ni ya kutuma meseji za utapeli za simu. Kama mmelipa kwa benki, benki muiarifu saa hiyohiyo, kabla hata ya polisi.

Asasi Area C

Kwetu kwenye asasi inakuja kama mwaliko wa kongamano. Linaanzia Marekani, linamalizikia Dakar, Senegal. Tiketi na viza wanalipa wao, wewe lipa hoteli ya Dakar tu. Imekuja kwa majina mengi, lakini hoteli ya Senegal haikosekani.

Mwenye duka Makole

Naombeni msaada. Nimeandikiwa kutoka China kwamba kuna kampuni inataka kusajili jina la duka langu kwa .cn, na nisipowahi nitalipoteza. Nilipe?

Fundi Ng'ong'ona

Usilipe, mkuu. Hiyo inazunguka dunia nzima miaka mingi. Hiyo kampuni nyingine haipo, wanataka wewe ununue usajili kwao kwa bei ya kuruka. Kama huuzi China, jina la .cn halikusaidii.

Dada Karanga Kongwa

Nimefuata mada hii tangu jana na nina barua mkononi. Anasema yuko Uholanzi, anataka karanga. Hajataja tani. Ameuliza kama tuna majibu ya maabara ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ya mavuno haya, na kama hatuna tusijisumbue kumjibu. Wenzangu wameona amekuwa mkali, wengine wanasema ni mbinu ya kutuuzia vipimo.

Katibu Hombolo

Dada, ukali huo ni wa mnunuzi. Ulaya kwa karanga za kuliwa moja kwa moja mwisho ni mikrogramu 4 za sumukuvu kwa kilo. Mzigo ukizidi hapo unazuiwa bandarini na hasara ni yake. Na sisi wenyewe hatuhitaji kuambiwa na Mholanzi, 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Angalia jambo moja tu: je, amekutajia maabara moja ya lazima, ulipie kwake? Kama hajataja, nendeni maabara mnayoichagua nyinyi, TBS, Shirika la Viwango, watawaelekeza.

Dada Karanga Kongwa

Hajataja maabara yoyote. Nimemjibu leo asubuhi kwamba karanga bado ziko kwenye maganda, tunapima zikishabanguliwa na kuchambuliwa, na nimemuuliza atakubali majibu ya maabara ipi na kama sampuli atasafirisha kwa gharama yake. Fundi, nimeangalia na anwani, jibu linakwenda palepale barua ilipotoka. Akirudi nitaweka hapa alichosema.